Kabla Hujabonyeza Kitufe cha Redio: Mambo ya Kuzingatia kwa Rubani Mpya

Nawaandikia nyinyi mnaotoka chuoni na kuanza kurusha ndege ndogo za abiria kati ya bara na visiwani. Injini haijawahi kunitia hofu kubwa kama redio ilivyonitia asubuhi moja, kwa hiyo nitaamrisha kidogo.

Jaribu hedseti kabla hujawasha injini. Sikiliza kwanza taarifa ya uwanja iliyorekodiwa na uikumbuke herufi inayoitambulisha, ndipo umwite mwongoza ndege. Andika masafa yote utakayopitia kwenye karatasi, uifunge pajani. Kalamu ziwe mbili.

Kabla ya kusema, sikiliza kama kuna mtu anasema. Wawili wakibonyeza kwa pamoja, wengine husikia mlio tu. Kisiwani Tenerife, Hispania, 27 Machi 1977, ndege ya shirika la KLM ilikuwa imeshaanza kushika kasi ndani ya ukungu. Mnara wa waongoza ndege ukaiambia isubiri, itaitwa. Wakati huohuo marubani wa ndege nyingine, ya Pan Am, nao wakasema bado wako kwenye njia ya kurukia. Sauti zikagongana, na waliokuwa chumba cha rubani cha KLM wakasikia "OK", kisha mlio mkali. Watu 583 walikufa. Ndiyo maana neno "take-off" (kuruka) halitamkwi redioni ila ruhusa yenyewe inapotolewa au kufutwa. Kabla ya hapo sema "departure" (kuondoka). Shika hilo.

Namba zitaje wazi, na ukipewa kimo kisichoingia akilini, uliza. Mwaka 1989, karibu na Kuala Lumpur, ndege ya mizigo ya Flying Tiger iliambiwa ishuke "two four zero zero", yaani futi 2,400. Ile "two" wao wakaisikia kama "to", yaani "mpaka", wakajibu 400, na hakuna aliyewasahihisha. Wakagonga kilima, wote wanne wakafa.

Sasa nifike kwenye langu. Nilikuwa na Cessna 206, ndege ndogo ya injini moja, abiria wanne na mabegi yao, na nilishachelewa dakika ishirini. Nimesimama kwenye mstari wa kusubiri, Caravan moja, ndege ndogo pia, ikatua mbele yangu, ikapunguza mwendo na kuanza kutoka njiani. Mnara ukanipa ruhusa yenye sharti: nyuma ya Caravan inayotua, ingia njiani usubiri, nyuma yake. Neno "behind" (nyuma ya) hutajwa mwanzo na mwisho wa ruhusa ya namna hiyo, makusudi kabisa, ili lisikupite. Mimi lilinipita. Nilijibu "Roger, line up", yaani naingia njiani, nikaachia breki. Caravan si hiyo inatoka?

Kumbe zilikuwa mbili. Ya pili ilikuwa imeshakaribia kabisa kutua, na ndiyo iliyokusudiwa. Pua ya ndege yangu ilikuwa imevuka mstari nilipogeuza shingo kushoto nikaiona taa yake ya kutua, nyeupe, kubwa, juu kidogo ya minazi. Nikakanyaga breki mpaka mabegi yakagonga viti vya nyuma. Rubani mwenzangu akavuta ndege yake juu akapita juu yetu. Kivuli chake kilifunika kioo cha mbele. Mama mmoja nyuma aliuliza kama ile ni kawaida. Sikuweza kumjibu.

Mwongoza ndege naye alikuwa anashughulika na ndege nyingine, hakulikamata jibu langu lililokatika. Simlaumu. Jibu lilikuwa langu. "Roger" maana yake ni nimekusikia tu, haithibitishi nimesikia nini. Ruhusa ya kuingia njiani, kuivuka, kutua, kuruka, na amri ya kusimama kabla yake, irudie yote, pamoja na namba ya njia na jina la ndege yako. Sharti lirudie kama lilivyotolewa. Kisha itafute kwa macho ndege uliyotajiwa. Ukiona mbili za aina moja, usichague, uliza.

Na usidhani kurudia kunatosha. Uwanja wa Haneda, Tokyo, 2 Januari 2024, rubani wa ndege ya walinzi wa pwani, iliyobeba misaada ya waathirika wa tetemeko, aliambiwa yeye ni namba moja, aende mpaka sehemu ya kusubiri. Alirudia sawasawa. Hata hivyo aliingia njiani, na ndege ya Japan Airlines ikatua juu yake. Watano kati ya sita waliokuwa kwenye ndege ya walinzi wa pwani walikufa. Wote 379 wa ndege kubwa walitoka wakiwa hai. Unapotarajia kuruhusiwa, sikio hukuletea ruhusa. Mimi nalijua hilo kwa mwili wangu.

Ukiwa na shida, itaje kwa jina lake. Marubani wa ndege ya Avianca, safari namba 52, New York, Januari 1990, walisema mafuta yanawaishia na wakaomba kipaumbele, lakini neno la dharura halikutamkwa. Ndege ilianguka, watu 73 wakafa. Cheti cha Kiingereza cha daraja la 4, unachopimwa tena kila miaka mitatu, hakikusaidii kama unaona aibu kusema "Mayday". Wala usipige soga za Kiswahili kwenye masafa. Kuna mgeni hapo anayehitaji kujua ulipo.

Mengine: kama kuna ndege yenye herufi zinazofanana na zako, taja jina zima. Usifupishe kabla mnara haujafupisha. Mkiwa wawili na kila mmoja amesikia lake, ulizeni mnara, msipigiane kura. Ukiwa na haraka au usingizi, ongea polepole zaidi. Redio ikifa, weka namba 7600 kwenye transponda, kifaa kinachoitambulisha ndege yako kwenye rada, na uangalie mnara: ukiwa angani, taa ya kijani isiyopepesa ni ruhusa ya kutua, nyekundu isiyopepesa, pisha wengine na uendelee kuzunguka.