Baraza hadi baraza: namna ya kumsaidia mwenye maradhi ya viungo asiache kutembea

Mamangu ana maradhi ya viungo: magoti yote mawili, la kulia likiwa baya zaidi, na vidole vya mkono huohuo wa kulia. Daktari aliyaita kulika kwa gegedu, yaani ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo. Yeye mwenyewe husema baridi yabisi, kama wasemavyo wazee wenziwe wote hapa Kibokoni, Mombasa. Mwaka wa tisa huu namsaidia, na ile mitatu ya mwanzo nilimharibia mwenyewe kwa mapenzi.

Neno lililokuwa halinitoki mdomoni ni "keti, mama." Akiinuka kuepua sufuria, keti mama. Akitaka kushuka ngazi akanunue mbaazi, keti, nitakwenda miye. Mimi hushona madera nyumbani, kwa hivyo nilikuwa karibu naye kutwa nzima, tayari kumzuia. Kakangu naye akatuma kiti cha magurudumu kutoka Dubai. Haukupita mwaka mapaja yalikuwa yamenyauka, na kumwinua kitini kulitaka watu wawili, huku na huku. Siku moja akaniambia, "Mwanangu, mbona wanikalisha kama mtungi?"

Gegedu haina mishipa ya damu. Hupata chakula chake kwenye ute ulio ndani ya kiungo, na ute huo huingia na kutoka gegedu inapobanwa na kuachiwa, yaani mtu anapotia hatua. Halafu kuna msuli wa mbele wa paja, ambao ndio unaolibebea goti mzigo wake. Ukinyauka, mzigo wote hulala juu ya mfupa. Kwa hivyo mwenye kukalishwa ili magoti yapumzike huumwa zaidi, si kidogo. Kabla hujamtafutia mazoezi, basi, mwachie kwanza yale anayoyaweza. Mamangu alirudishiwa kazi ya kuchambua mchele akiwa amesimama mezani, na ya kuanika leso.

Kiti cha plastiki na sala tano

Hospitali moja ilitupa karatasi yenye mazoezi 14, kwa Kiingereza, kila moja mara tatu kwa siku. Tulidumu siku tisa. Sikumlaumu, hata mimi ningeshindwa. Zoezi lililobaki mpaka leo ni moja, na kama una nafasi ya kufundisha moja tu, fundisha hili: kuketi na kusimama.

Weka kiti mgongo wake ukutani kisiteleze sakafuni. Kama ni kifupi, tia mto juu yake. Mgonjwa asogee mbele, karibu na ukingo, miguu airudishe nyuma kidogo hata visigino viwe nyuma ya magoti. Apishanishe mikono kifuani, ainame mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, kisha asimame. Wengi hukosea hapo pa kuinama: hujaribu kwenda juu moja kwa moja, wakaanguka tena kitini, wakasema magoti hayana nguvu. Akiisha kusimama, arudi chini polepole, akihesabu moja, mbili, tatu. Huko kushuka polepole ndiko kunakojenga paja. Asijitupe.

Mamangu alianza na mbili, nami nimemshika kiwiko. Sikumwekea saa, maana saa alikuwa nazo tangu utotoni: kabla ya kila sala, akimaliza kutawadha. Mara tano kwa sala tano ni 25 kwa siku, na hajapata kusahau sala. Baada ya miezi miwili tuliondoa mto. Mgonjwa wako kama si wa sala, fungia zoezi kwenye jambo lingine ambalo haliruki, kama chai ya asubuhi au taarifa ya habari ya saa moja.

Kuhusu sala yenyewe, nimeona watu wakimwona mzee anatatizika kusujudu, wakamletea kiti aswali yote ameketi. Dini imetoa ruhusa kwa asiyeweza, lakini anayeweza kusimama na kurukuu mwacheni asimame arukuu, aketi kwenye sijida tu. Mamangu aliketi mwanzo hadi mwisho kwa miaka miwili. Aliporudi kusimama alilia, wala hakulia kwa maumivu.

Ngazi za nyumba zetu za Mji wa Kale ni nyembamba na zimesimama kama ukuta, na majirani walitushauri tumhamishie chini. Hatukumhamisha. Tulitia kamba nene ya kushikia upande mmoja, na nikamfundisha: kupanda, mguu mzima utangulie, kushuka, mguu mgonjwa utangulie. Bakora hushikwa mkono ulio kinyume na goti linalouma. Wengi huishika upande wa goti bovu, na haiwasaidii. Kwa mamangu ni mkono wa kushoto, heri, maana ule wa kulia una vile vidole vinavyouma. Bakora ya dukani aliikataa kabisa, ati ya vikongwe. Nikamtolea ya marehemu baba kabatini. Hiyo aliipokea siku hiyohiyo.

Hesabu viti, si kilomita

Shirika la Afya Duniani husema mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki. Ni kweli, lakini usimwambie mgonjwa siku ya kwanza, atakata tamaa. Mamangu alichukua mwaka na nusu kuifikia hesabu hiyo.

Sisi tulihesabu baraza, vile viti vya mawe vilivyojengwa mbele ya nyumba. Kutoka mlangoni kwetu, ukishika njia ya Ndia Kuu kuelekea Fort Jesus, nilizipata baraza saba ambazo mtu anaweza kuketi bila kuomba ruhusa. Wiki ya kwanza, mpaka baraza ya pili tu na kurudi. Akizoea kufika bila kuketi njiani, tunaongeza moja. Ngome tuliifikia mwezi wa tano, tukanywa kahawa chungu pale nje, tukarudi kwa tuktuk kwa kuwa sikufikiria kwamba kwenda ni nusu ya safari. Ukimtoa mgonjwa, mgeuze kabla hajachoka. Na viatu viwe raba au vyenye kisigino cha kushika mguu. Ndara zisubiri chooni.

Maumivu tunayapima kwa vidole vya mkono mmoja, maana ile hesabu ya sifuri hadi kumi ya madaktari ilimchanganya. Vidole viwili, twende. Vitatu, tunapunguza baraza. Vinne, leo ni mazoezi ya kitini tu. Lakini kipimo chenyewe hasa ni cha kesho yake: maumivu ya kutembea yakiwa yamerudi yalikokuwa ndani ya saa 24, hakuna kilichoharibika. Yakibaki juu, jana ilizidi, punguza, usiache. Naviandika vidole hivyo kwenye kalenda ya duka iliyo jikoni. Kalenda hiyo ndiyo iliyonionyesha kwamba wiki zake mbaya hazikuwa za mvua kama tulivyodhani. Zilikuwa za harusi, anapokaa mkekani kwa muda wa saa nne bila kuinuka. Siku hizi harusini humtuma mjukuu amwinue kila nusu saa, kwa kisingizio chochote.

Uzito nao nautaja haraka kwa kuwa ni neno zito kwa mama wa Kiswahili. Kilo moja ikipungua mwilini, goti hupunguziwa kama kilo nne kwa kila hatua. Mahamri yalitoka manne yakawa mawili, sukari ikapungua kikombeni. Basi, sikuendelea zaidi ya hapo.

Pwani tunayo, tuitumie

Maji yakimfika mtu kiunoni humbebea karibu nusu ya uzito wake. Mamangu, ambaye barabarani alikuwa wa baraza tatu, baharini alitembea robo saa bila kuketi. Jumapili moja moja tulikwenda ufuo wa umma wa Bamburi, yeye na dera lake na viatu vya plastiki, tukatembea sambamba na pwani, si kuelekea kilindini. Angalia maji kwanza. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hujaa jioni mida ya saa kumi au saa kumi na moja, na kila siku huchelewa kama dakika 50. Yakiwa yamekupwa kabisa utamtembeza mzee juu ya miamba na mwani kabla hajayafikia, na huko ndiko watu huvunjika. Mawimbi ya kusi yakiwa makali tunabaki nyumbani.

Kwa jua la Februari na Machi, tembeeni baada ya alfajiri. Kwa mvua ya Mei mawe ya vichochoroni huteleza. Hapo twapanda na kushuka ngazi ya kwanza ya nyumba, mara kumi, mkono kwenye kamba.

Kinachoangusha wengi ni kukatika, kuliko uvivu. Mamangu alikuwa na shoga yake wa kutembea naye. Shoga alikwenda Lamu mwezi mmoja, na mamangu akakaa mwezi na nusu. Tangu hapo nahakikisha wenziwe ni wawili au watatu, akikosekana mmoja asibaki peke yake. Ramadhani mbili zilitukata vilevile. Ya tatu tulipanga mapema: mazoezi ya kiti kama kawaida, na baraza mbili baada ya tarawehe, wakati mji uko macho. Aliporudi baada ya kukatika, nilimwanzisha nusu ya alipoachia. Kuanza palepale kulituletea goti lililovimba wiki nzima.

Goti likivimba kwa sababu ya kuzidisha, mpe siku mbili za mwendo mdogo wa ndani, barafu iliyofungwa kitambaani dakika kumi na tano, na kulikunja na kulikunjua akiwa kitandani. Lakini kiungo kikivimba ghafla kikawa chekundu na cha moto, au akipata homa, au goti likakwama lisinyooke, au muundi mmoja ukavimba na kuuma, mpelekeni kwa daktari siku ileile. Na mtu ambaye kila asubuhi viungo humshika zaidi ya saa nzima kabla ya kulegea huenda ana maradhi ya aina nyingine, yenye dawa zake. Msimtibu kwa maelezo yangu. Vidonge vya maumivu vya duka la dawa visiwe vya kila siku bila daktari kujua, hasa kwa mwenye presha au figo.

Kile kiti cha magurudumu bado tunacho. Naanikia madera yaliyopigwa pasi.

Sasa anataka kwenda Likoni kwa feri kumwona dadake. Shida ni ule mteremko wa kuingilia: maji yakikupwa huwa mrefu na mkali, yakijaa hupungua sana. Nimeangalia kalenda ya maji na kuchagua siku yatakayojaa saa tatu asubuhi, msukumano wa watu wa kazini ukiwa umekwisha. Mpaka siku hiyo tunafanya mazoezi ya kushuka kwenye kile kimteremko kilicho nyuma ya msikiti, goti la kulia mbele.