Kugawa kasi ya uhakika na kasi ya ziada kwa wateja wa intaneti

Mtoa huduma mdogo anayenunua laini moja mjini Mtwara na kuwagawia kwa redio wateja wa Shangani, Ligula na Chikongola huwa anaahidi mambo mawili: kasi ambayo mteja ataipata hata watu wote wakiwa mtandaoni, na kasi anayoweza kuifikia wenzake wakiwa wametulia. Ya kwanza ni deni. Ya pili hutolewa kwenye kinachobaki, na fundi asiyetenganisha hizo mbili ndani ya ruta ataishia kumpunja mteja aliyelipia zaidi.

Maelezo haya yanahusu ruta za MikroTik. Anza kwa kupima laini yenyewe kati ya saa mbili na saa nne usiku, kwa siku kadhaa, na ushike kipimo cha chini kabisa, si namba iliyo kwenye ankara. Tuseme umepata megabiti 50 kwa sekunde. Fungua menyu ya Simple Queues, ambako hutengenezwa foleni, yaani kanuni za kugawa kasi, tengeneza foleni mama inayobeba mtandao mzima wa wateja, na kwenye Max Limit uandike megabiti 47, ili msongamano ukitokea utokee ndani ya ruta yako, ambako unaweza kuupangia utaratibu, na si kwa aliyekuuzia laini.

Chini ya foleni mama, mpe kila mteja foleni yake. Limit At ndiyo kasi ya uhakika, na Max Limit ndiyo kikomo chake cha kawaida. Kwa mfano, hoteli ipate 10 na kikomo cha 20, ghala la korosho 8 na 15, duka la vifaa vya ofisi 4 na 10, na nyumba kumi zipate 2 na 8 kila moja. Jumla ya uhakika ni 42. Vikomo vikijumlishwa vinapita 47 kwa mbali, na hilo halina madhara. Lakini jumla ya uhakika isivuke 47 kamwe, kwa sababu ruta haitakuzuia kuandika namba hizo, bali itajaribu kutimiza kila Limit At hata kwa kukiuka kikomo cha foleni mama. Msimu wa korosho ukianza mwezi Oktoba, ghala likahitaji uhakika wa 12 kwa ajili ya kutuma nyaraka za mnada, jumla itafika 46 na utakuwa bado salama. Likiomba 14, itakubidi upunguze kwingine au ununue laini kubwa zaidi.

Kipaumbele, kuanzia 1 kilicho juu hadi 8 kilicho chini, huamua nani atangulie kupata kilichobaki baada ya uhakika wa wote kutimizwa.

Basti, yaani ruhusa ya kupita kikomo cha kawaida kwa muda mfupi, ndiyo inayohitaji utulivu zaidi. Kwa kila nyumba andika Burst Limit 16, Burst Threshold 6 na Burst Time sekunde 16. Wengi hudhani basti itadumu sekunde zote 16, kumbe ruta hukokotoa wastani wa matumizi ya sekunde 16 zilizopita na kuikata basti wastani huo unapofika 6. Mteja aliyekuwa ametulia atapata Threshold ya 6 mara sekunde 16 gawanya kwa Burst Limit ya 16, yaani takriban sekunde 6, ambazo ni megabaiti 12: zinatosha kufungua ukurasa mzito au kupokea picha kadhaa, kisha anarudi kwenye 8. Hakikisha Threshold iko chini ya Max Limit. Ikiwa juu yake, anayepakua filamu atarudishiwa basti tena na tena, na jirani zake ndio watakaoumia.

Kabla ya kulaumu hesabu, angalia kama kanuni ya FastTrack, njia ya mkato ya kupitisha data haraka, imewashwa kwenye ngome (firewall) ya ruta, kwa maana miunganisho inayopitia huko hairuki tu ukaguzi, bali hukwepa foleni hizi zote. Izime, kisha uwashe upakuaji mzito kwa wateja watatu au wanne kwa pamoja mpaka foleni mama igeuke nyekundu, na usome kasi ya kila mmoja. Anayehitaji kasi hiyo na bado yuko chini ya Limit At yake anaonyesha kwamba laini haitoi 47. Shusha kikomo cha foleni mama, ujumlishe uhakika upya, na urudie jaribio hilo usiku.