Somo: Kugeuza kiwanda cha zamani cha ufukweni kuwa bustani ya wote

Salaam nyote. Tuchukue mfano wa kiwanda kilichofungwa kando ya Kilindini, Mombasa: bohari ya mabati, sakafu ya zege, gati lililoliwa na chumvi. Kalamu iwekeni chini kwanza.

1. Maji. Nenda siku ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, ukae tangu maji kupwa hadi kujaa. Hapa kwetu tofauti hupita mita 3. Tia alama ya rangi pale yalipofika, kisha rudi wakati wa maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo. Mchoro wangu wa kwanza nikiwa mwanafunzi niliuchora kwa picha ya maji yaliyokupwa. Mabenchi yote yalikuwa baharini.

2. Udongo. Hapa ndipo kazi ilipo. Watafute waliofanya kazi pale, waulize tangi la dizeli lilikaa wapi, oili chafu ilimwagwa wapi, rangi ilichanganywa wapi. Chimba hapohapo, sampuli zipelekwe maabara, madini ya risasi yapimwe pia. Mwamba wetu wa matumbawe una matundu, kwa hiyo mafuta hayatulii yalipomwagika. Penye sumu kali, ondoa. Kwingine funika kwa udongo safi. Kule Seattle, Marekani, msanifu wa bustani Richard Haag alikabidhiwa kiwanda cha gesi kilichofanya kazi 1906 hadi 1956. Alichanganya udongo na vumbi la mbao na tope la maji taka ili bakteria wale mafuta. Bustani hiyo, Gas Works Park, ilifunguliwa 1975, na bado usafishaji uliendelea miaka mingi baadaye. Minara ya kiwanda aliiacha isimame.

3. Majengo. Usibomoe kabla fundi hajakagua nondo. Paa la bohari ni kivuli, na Mombasa kivuli kina thamani kuliko nyasi.

4. Ukingo. Penye matope na maji matulivu, rudisha mikoko: mlilana na mchu mbele. Penye wimbi, ngazi za mawe. Na kama wavuvi wana diko hapo, mahali pa kushusha samaki, liingie mchoroni siku ya kwanza.

Tathmini ya athari kwa mazingira, ile ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, ifanywe kabla ya tingatinga kuingia, si baada.

Maswali

*Mwalimu, palipobaki mwamba mtupu tupande nini?*
Mvinje. Kule Bamburi, kaskazini mwa Mombasa, mtaalamu wa kilimo René Haller alianza kupanda kwenye machimbo ya saruji 1971. Majani yake yakawa hayaozi, akaleta majongoo wayatafune; udongo ukaanza kupatikana. Ila msipande mivinje mitupu.

*Shukran, Mwalimu. Pesa zetu ni chache, tuanze na chemchemi ya maji langoni?*
La, dada. Anzeni na choo, bomba la maji ya kunywa na taa. Chemchemi ya nini, na bahari iko pale?

*Tukitoza kiingilio kidogo cha matunzo?*
Basi si ya umma tena. Kodisheni vibanda vya madafu na mihogo ndani ya bohari, kodi ilipe wafagiaji.

*Na watoto wataogelea?*
Pimeni kwanza tope la chini ya gati. Matokeo yakiwa mabaya, wekeni kizuizi na bango kubwa.