Kabla ya Kupanda Mihintale: Maandalizi ya Mgeni Anayekwenda Hekaluni

Mihintale ni kilima cha mawe na msitu kilicho umbali wa kilomita 12 hivi mashariki ya Anuradhapura, mji mkuu wa kale wa Sri Lanka. Wabudha wa kisiwa kile wanasimulia kwamba dini yao ilianzia pale juu katika karne ya 3 kabla ya Kristo, siku mtawa Mahinda, mwana wa mfalme Ashoka wa India, alipokutana na mfalme Devanampiyatissa aliyekuwa mawindoni. Njia ya kupandia ni ngazi za mawe, vidato 1,840 kwa hesabu ambayo kila mwenyeji atakutajia. Magofu ni mengi njiani, na hayo ndiyo yanayowavuta watalii, lakini ukifika juu unakuta watu wanasali. Wamesali jana, na kesho watasali. Kwa hiyo karibu kila jambo ninalokushauri hapa linatokana na hilo: unaingia katika ibada ya watu, tena unaingia peku.

Nianze na miguu, maana ndiyo inayoamua kama siku yako itakuwa njema. Ngazi zenyewe unapanda na viatu. Ukifika kwenye uwanda wa Ambasthala, karibu na juu, unavivua na kuviacha kwa walinzi wa viatu, na kuanzia hapo unatembea peku mpaka utakaporudi: kwenye stupa ndogo (stupa ni jengo la ibada la Wabudha lenye umbo la kuba), kwenye mwamba, kwenye stupa kubwa nyeupe ya Mahaseya. Mara ya kwanza nilifika pale saa sita mchana. Mawe yalikuwa yamekunywa jua tangu asubuhi, na kila hatua ilikuwa kama kukanyaga kikaango. Nilikimbia kutoka kivuli hadi kivuli, na nilipoteremka sikuweza kumweleza mwenzangu hata umbo la ile stupa, kwa kuwa macho yangu yote yalikuwa chini. Nilirudi kesho yake, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na jozi ya soksi nene mfukoni. Kilikuwa kilima kingine kabisa.

Basi beba soksi, kwani soksi hazikatazwi. Vaa viatu vya kuchomoa haraka, si buti za kamba ndefu. Na panga kuanza kupanda mara tu kunapopambazuka. Sri Lanka haiko mbali na ikweta, kwa hiyo jua huchomoza na kuzama karibu na saa zetu za kawaida, ila saa yao iko mbele ya ya Dar na Nairobi kwa saa mbili na nusu. Hiyo nusu huwapotosha wengi wanapopanga usafiri, basi rekebisha saa yako ukiwa bado ndani ya ndege. Asiyeweza kuamka alfajiri aende alasiri, kuanzia saa kumi, ashuke kabla giza halijaingia.

Ipo barabara ya gari inayopanda upande mmoja wa kilima na kukufikisha kwenye kituo kilicho juu ya sehemu ya kwanza ya ngazi. Mwenye magoti mabovu, mjamzito, au anayesafiri na wazee aitumie bila kuona haya. Mwenye afya, ninamsihi apande kwa miguu kuanzia chini kabisa. Vidato vya mwanzo ni vipana na vifupi, vinapandika bila kuhema. Pande zote mbili kuna ile miti yenye maua meupe na kitovu cha manjano, inayopandwa sana kwenye bustani za pwani yetu. Kule wanaiita araliya. Asubuhi maua yake yanakuwa yameanguka juu ya mawe, na unapanda ukiyakwepa. Anayepita kwa gari hayaoni hayo. Hata Kantaka Chetiya, stupa ya kale yenye nguzo zilizochongwa wanyama na maua, ambayo iko kulia baada ya ngazi za kwanza, wengi wa gari huikosa.

Mavazi si jambo gumu kwa mtu wa kwetu. Mabega yafunikwe, na magoti pia, mwanamume na mwanamke sawasawa. Kaptula hapana. Blauzi isiyo na mikono hapana. Kofia na kapelo huvuliwa mbele ya stupa na sanamu, pamoja na viatu. Wenyeji wanaokwenda kusali huvaa nyeupe, na mgeni akivaa nyeupe anapokewa kwa tabasamu, ingawa hakuna anayemlazimisha. Mwanamke akiwa na doti ya kanga kwenye mkoba amemaliza kazi: moja kiunoni, moja mabegani, na zikiloa jasho zinakauka upesi. Mwanamume akifunga kikoi atajikuta amevaa karibu sawa na wazee wa pale, kwa kuwa saruni ni vazi lao la kila siku. Mwenye tatoo ya Buddha mwilini aifunike kabisa tangu anaposhuka uwanja wa ndege. Nchi ile imewahi kuwarudisha wageni kwa sababu hiyo, na si kwa hasira ya mtu mmoja. Kwao sura ile mwilini ni kudharau kitu kitakatifu.

Kwa sababu hiyohiyo, jihadhari na simu. Kupiga picha ya sanamu ya Buddha si kosa mahali pengi, lakini kujipiga picha ukiwa umeipa mgongo ni kosa kubwa. Ukitaka picha yako, simama kando, au geuka uitazame sanamu, mwenzako akupige kutoka ubavuni. Usipande juu ya sanamu wala juu ya tofali za stupa. Ukiketi chini kupumzika, kunja miguu; usiinyooshe ikaelekea sanamu au watu wanaosali. Hili halihitaji maelezo kwa aliyelelewa kutomnyooshea mkubwa wake miguu mkekani.

Watawa utawatambua kwa mavazi yao ya rangi ya chungwa au ya udongo mwekundu. Usimpe mtawa mkono. Mwanamke asimguse, wala asikae akamgusa begani kwenye benchi au basini. Hata anapompa kitu, ajihadhari asimguse. Unaweka viganja vyako pamoja kifuani, unainamisha kichwa kidogo, na inatosha. Kwa watu wa kawaida sema “ayubowan”, salamu inayomtakia mtu maisha marefu. Kitu kitoe na ukipokee kwa mkono wa kulia, au yote miwili, kama kwetu.

Wapo wanaoniuliza: mimi ni Mwislamu, mimi ni Mkristo, nitalazimika kusujudu? Hapana. Hakuna atakayekutaka uombe, uwashe taa au uinamie sanamu. Simama pembeni kwa utulivu, usipite mbele ya mtu aliyepiga magoti, punguza sauti. Ukizunguka stupa, zunguka kwa kufuata mshale wa saa, stupa ikiwa mkono wako wa kulia, maana ndivyo wanavyozunguka wote na ukienda kinyume utagongana nao.

Maua yanauzwa njiani: araliya, na yale ya zambarau ya majini wanayoyaita nil manel. Si ya kununua kwa ajili ya picha. Asubuhi ile ya pili nilikaa nyuma ya bibi mmoja aliyevaa nyeupe, na mjukuu wake, kama miaka sita hivi. Walikuwa na vikonyo vitano vya nil manel. Yule bibi alikuwa anakunja petali moja moja kuelekea nje, kwa kidole gumba, mpaka ua lililokuwa limefumba likafunguka kama kikombe. Mtoto alichukua moja akalipeleka puani. Bibi akamshika mkono taratibu akaushusha. Baadaye nilielezwa kwamba ua la kutoa sadaka halinuswi. Harufu yake si yako tena. Tangu hapo hata mimi nikibeba ua kwenda hekalu lolote nalishika mbali na uso.

Kabla ya kwenda, ijue hadithi ya embe. Bila hiyo Ambasthala itakuwa kwako uwanja tu wenye stupa ndogo na nguzo za mawe. Inasimuliwa kwamba Mahinda, kabla ya kumfundisha mfalme, alitaka kujua kama ana akili ya kuelewa. Akamwonyesha mti uliokuwa karibu. Huu ni mti gani? Mwembe. Kuna miembe mingine mbali na huu? Iko mingi. Kuna miti isiyokuwa miembe? Iko mingi. Sasa, ukiacha miembe ile mingine, na ukiacha miti yote isiyokuwa miembe, kuna mti mwingine? Mfalme akajibu: upo, ni huu mwembe wenyewe. Hapo mtawa akaridhika. Jina Ambasthala linatokana na mwembe huo, na kwa Kisinhala tunda lenyewe ni amba; sikio la Mswahili halihitaji mkalimani. Mimi naipenda hadithi hii kuliko zote za pale, kwa sababu mfalme hakuombwa aamini jambo. Alipewa chemshabongo, kama tunavyopeana vitendawili.

Pembeni ya uwanda huo uko mwamba uitwao Aradhana Gala, unaopandwa kwa vidato vilivyochongwa kwenye jiwe na vyuma vya kushikilia. Hapo uangalifu uwe wa kweli. Ni mwinuko mkali, upepo wa juu una nguvu, na njia ni nyembamba kwa wanaopanda na wanaoshuka. Mikono yote miwili iwe huru: simu mfukoni, mkoba mgongoni, kanga ifungwe isipeperuke. Mawe yakiwa yameloa mvua, usipande. Mandhari ya tambarare, mabwawa ya kale na stupa za Anuradhapura kwa mbali utayaona pia kutoka Mahaseya, bila hatari hiyo.

Kuhusu majira, eneo lile ni la ukavu kwa sehemu kubwa ya mwaka, na mvua zake kubwa huja kati ya Oktoba na Desemba. Kila mwezi mpevu ni siku ya mapumziko, wanaiita poya, na siku hiyo pombe haiuzwi nchi nzima. Mwezi mpevu wa Juni, Poson, ndio unaoadhimisha ujio wa Mahinda, na hapo Mihintale hujaa mahujaji kutoka pembe zote za kisiwa, wote nyeupe tupu, na njiani kuna mabanda yanayogawa chakula na vinywaji bure. Ni jambo la kuonwa mara moja katika maisha. Lakini ukienda Poson, weka chumba mapema sana, na usitegemee kutembea kwa mwendo wako. Anayetaka utulivu achague siku ya kawaida katikati ya wiki.

Beba maji, angalau lita moja na nusu kwa mtu. Chini utapata madafu yao ya rangi ya chungwa, thambili, matamu na yanarudisha nguvu kuliko soda. Chakula usikibebe mkononi, kwani kima wa pale wamezoea watu, wanajua mlio wa mfuko wa plastiki, na wakishika hawaachii. Usiwalishe. Beba pia noti ndogondogo za rupia kwa ajili ya kiingilio cha wageni, walinzi wa viatu na bajaji kutoka Anuradhapura. Bei ya bajaji na ya mtu anayejitolea kukuongoza mkubaliane kabla ya kuondoka, na mwambie kama unataka akusubiri.

Makaratasi nitayapita haraka. Kibali cha kuingia huombwa mapema kwa mtandao; tumia tovuti rasmi ya serikali yao, kwani taratibu na ada hubadilika. Pasipoti iwe na miezi sita mbele. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano huhitajika kwa anayetoka nchi zenye ugonjwa huo, zikiwemo Kenya na Uganda, na chanjo ichomwe siku 10 au zaidi kabla ya safari. Malaria wameitokomeza, Shirika la Afya Duniani liliwathibitisha mwaka 2016. Ndiyo maana ukipata homa wiki za mwanzo, mwambie daktari wa kule kwamba umetoka Afrika Mashariki, asije akaacha kupima. Dengi ipo, na mbu wake huuma mchana, kwa hiyo dawa ya kupaka haikwepeki. Usiokote kipande cha tofali au jiwe kama kumbukumbu. Kutoa vitu vya kale nchini bila kibali ni kosa la jinai.

Aliye Dar es Salaam anaweza kujizoeza bila kupanda ndege. Upanga kuna hekalu la Wabudha lililoanzishwa na Wasinhala waliokuja kufanya kazi mjini humo zaidi ya karne moja iliyopita. Nenda kwa adabu, vua viatu, uliza.

Unaposhuka, usiharakishe. Nusu ya njia kuna magofu ya jumba la chakula la watawa, na mabirika marefu ya mawe yaliyowekwa wali na uji kwa ajili yao. Karibu yake zimesimama bamba mbili za mawe za mfalme Mahinda wa Nne, wa karne ya 10, zimeandikwa kanuni za monasteri, pamoja na kazi za watumishi na ujira wa kila mmoja. Na chini kabisa, karibu na barabara, kuna mabaki ya hospitali ya kale. Tafuta chumba chenye birika la jiwe lililochimbwa kwa umbo la mtu, kichwa, mabega, miguu, ambamo mgonjwa alilazwa akaloweshwa katika dawa. Bajaji nyingi hupita pale bila kusimama. Mwambie dereva wako asimame.