Kumfuatilia mbunge asiye na cheo: anza na kurasa za mwisho za ripoti

Uchaguzi ukikaribia, barazani kwetu Majengo, Mombasa, swali huwa ni moja: mheshimiwa kafanya nini huko Nairobi? Mmoja ataapa kwamba mtu hachoki, mwengine atasema hajafungua mdomo tangu aapishwe, na kahawa itapoa bila hata mmoja kuangalia. Mimi kazi yangu ni kuangalia, kwa simu na daftari. Namzungumzia mbunge wa kawaida, yule ambaye si kiranja wa chama bungeni wala mwenyekiti wa kamati, na magazeti hayana haja naye.

Hatua ya 1: Hakikisha ni yeye

Mombasa ina maeneobunge sita: Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu. Mwakilishi wa wanawake wa kaunti naye yuko Bunge la Kitaifa. Seneta yuko bunge jingine, usimtafute huku.

Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za vikao, zinapatikana bure kwenye tovuti ya Bunge. Mbunge akichangia, huandikwa pamoja na eneobunge na chama chake. Kwenye orodha ya kura, mara nyingi ni jina tupu. Niliwahi kumpa mbunge mmoja kura ya mwenzake kwa sababu wote wawili ni Mohamed. Nilimwomba radhi mbele ya watu, na tangu hapo naandika majina yote matatu kabla ya kuanza.

Hatua ya 2: Tafuta kura zenye majina

Maamuzi mengi hupitishwa kwa sauti. Wa “Ndio” wanapaza, wa “La” wanapaza, Spika anaamua. Hapo hakuna jina la mtu. Ukisikia fulani “alipinga” mswada uliopita hivyo, muulize msemaji aliitambuaje sauti moja kati ya zote zile.

Majina hupatikana kura ikihesabiwa. Kubadilisha Katiba au kumng'oa Naibu Rais lazima kuhesabiwe. Mswada wa Fedha wa 2024, ule wa kodi, nao ulihesabiwa, na ndio mfano ninaoufundishia. Alhamisi tarehe 20 Juni, kwenye usomaji wa pili, waliounga mkono walikuwa 204 na waliopinga 115. Jumanne tarehe 25, usomaji wa tatu, ikawa 195 kwa 106, na kura tatu zikaharibika.

Sasa jumlisha. Alhamisi zilipigwa kura 319, Jumanne 304. Kura kumi na tano zimeyeyuka ndani ya siku tano, na Bunge lina wabunge 349 bila ya Spika. Kwa hivyo daftari langu lina safu nne: ndio, la, alijizuia, na hakuwepo katika orodha. Hiyo ya nne ndiyo inayonifunza zaidi. Ila usiiandike kuwa ni upinzani, wala usiiite woga. Huenda mtu alikuwa hospitali, huenda alitumwa safari. Andika tu kwamba jina lake halimo.

Hatua ya 3: Nenda kamatini

Hapa ndipo mbunge asiye na cheo anapojulikana, na ndipo wengi wetu hatufiki. Ukumbini anaweza kupata dakika chache kwa wiki. Kwenye kamati ya watu kumi na tano hana pa kujificha.

Kwanza jua yumo kamati gani, kisha jiulize yatuhusu vipi. Sisi wa Pwani tuna Kamati ya Uchumi wa Samawati (yaani wa bahari), Maji na Unyunyiziaji, na ile ya Uchukuzi na Miundombinu. Hesabu za Mamlaka ya Bandari huchunguzwa na kamati ya uwekezaji wa umma inayoshughulikia mashirika ya kibiashara, baada ya Mkaguzi Mkuu kutoa ripoti yake.

Pakua ripoti ya kamati na usianze mwanzoni. Shuka mpaka viambatisho. Utakuta kumbukumbu za mikutano, na juu ya kila moja kuna waliohudhuria, walioomba udhuru, na wasiokuwepo. Utakuta pia karatasi ya kuidhinisha ripoti yenye saini za wajumbe. Nimeona jina lisiloonekana kwenye mkutano wowote wa ushahidi, halafu saini yake imetulia pale mwisho kama mtu aliyefika harusini wakati wa pilau.

Tazama vilevile kama kuna maoni ya wasiokubaliana na wenzao. Mjumbe aliyeandika ukurasa mmoja wa kupinga, na sababu zake, ninampa alama kubwa kuliko aliyepiga kelele mara kumi mbele ya kamera.

Akihamishwa kamati, chunguza kabla ya kumlaumu. Chama kina uwezo wa kumwondoa mtu aliyekiuka msimamo wake.

Hatua ya 4: Soma alichosema, kwa lugha zote mbili

Wabunge wa Pwani huchangia sana kwa Kiswahili, na Hansadi huyaandika kwa Kiswahili. Ukitafuta neno la Kiingereza pekee, yote ya “uvuvi” na “bandari” yatakupita. Usihesabu tu mara alizosimama. “Naunga mkono, ahsante Spika” nayo huhesabiwa kuwa ni mchango.

Na basari tuiweke kando. Karo aliyomlipia mtoto wa jirani ni fedha za CDF, mfuko wa maendeleo ya eneobunge, haimo katika hesabu hii.

Hatua ya 5: Muulize kabla hujaandika

Peleka jedwali lako ofisini kwake eneobunge, umpe wiki moja ajibu. Kumbukumbu ikikosekana, mwandikie Karani wa Bunge la Kitaifa ukitaja Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Jibu linatakiwa ndani ya siku 21. Barua ichape nakala mbili, na yako isiondoke mezani kwa Karani bila mhuri wa tarehe, maana siku zinahesabiwa kuanzia hapo.