Usiuanike udongo wa bondeni: namna ya kupima fosforasi ya ardhioevu

Mara ya kwanza kupima fosforasi ya udongo wa Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, nilifuata mazoea ya udongo wa shamba la mahindi: nikauanika, nikautwanga, nikaupitisha kwenye chekeche la milimita 2. Nusu ya sampuli ileile nilikuwa nimeisahau kwenye friji, mbichi. Nilipoipima nayo, kwa kujaribu tu, majibu hayakufanana hata kidogo. Wiki mbili za kazi zikaenda na maji.

Sababu ni hii. Udongo uliofurika huishiwa oksijeni haraka. Bakteria wake sasa hupumulia chuma: ile kutu nyekundu inageuka kuwa chuma kinachoyeyuka, na fosfeti (umbo la fosforasi ambalo mmea hulinyonya) iliyokuwa imenaswa kwenye kutu inaachiwa. Ndiyo maana mpunga ulio majini mara nyingi huipata fosforasi ambayo zao la nchi kavu lingeikosa kwenye udongo uleule. Ukiuanika, chuma kinashika kutu upya na kuinasa fosfeti. Papo hapo vijidudu vinakufa na kumwaga ya kwao. Mambo mawili yanavutana, na hakuna hesabu ya kukurudishia udongo ulivyokuwa.

Hatua ya 1: Chagua mahali

Tunataka ardhioevu ya maji baridi, kwa hiyo panda juu ya mto. Ukiona mikoko, umeshuka mno. Maji ya bahari yana salfeti. Kwenye tope lisilo na hewa hiyo huwa salfaidi inayokamata chuma, na chuma kilichokamatwa hakiwezi tena kushika fosfeti. Majibu ya hapo ni habari nyingine kabisa. Siku za bamvua maji hupanda kuliko kawaida, basi ladha ya chumvi ipimwe kwa mita, si kwa ulimi. Nasisitiza: si kwa ulimi, mto huu unapokea maji machafu ya mji. Vaa gambuti na glovu.

Na bonde lina wenyewe. Upande wa Tabata nilimkuta mama mmoja akimwagilia mchicha.

"Shikamoo mama. Naomba kuchota tope kidogo pale chini."

"Marahaba. Chota, ila uje uniambie lina nini."

Ahadi hiyo ilinifunza zaidi ya maabara, nitairudia.

Hatua ya 2: Toa sampuli bila kuipa hewa

Chukua bomba la plastiki la inchi 2, lichonge mdomo kwa msumeno, lididimize wima, ziba juu kwa kiganja kisha vuta. Sukuma udongo nje kwa mti, kata sentimita 0–10 na 10–20, kila kipande mfuko wake. Kamua hewa yote kabla ya kufunga. Andika kwa maka peni juu ya mfuko, maana karatasi ya ndani huoza. Weka kwenye deli lenye barafu, na ukifika ofisini hamishia kwenye friji ya nyuzi 4. Mimi hupima ndani ya siku chache.

Andika na unachokiona: mistari ya kutu kando ya mizizi ya matete (mizizi hiyo hupitisha hewa chini), rangi ya kijivu, harufu ya mayai viza.

Hatua ya 3: Unyevu

Pima gramu 10 za udongo mbichi, kausha kwenye oveni kwa nyuzi 105 hadi uzito usibadilike. Huu wa kukausha ni wa hesabu tu. Baada ya hapo mwaga.

Hatua ya 4: Zitenganishe aina za fosforasi

Hapa ndipo kazi ilipo. Natumia mpango wa Hieltjes na Lijklema wa mwaka 1980, kwa sababu hauhitaji mitambo mingi. Ni udongo uleule, unaoshwa kwa dawa moja baada ya nyingine, kila dawa kali kuliko iliyotangulia. Pima udongo mbichi unaolingana na gramu 1 ya udongo mkavu, tia kwenye chupa ya sentrifuji (mashine ya kuzungusha ili tope litengane na maji), na kila mara ongeza mililita 50 za dawa.

Anza na kloridi ya amonia, mola 1, pH 7, saa 2, mara mbili. Hii hutoa fosfeti iliyoshikwa kwa ulegevu, ambayo mmea unaipata leo. Dawa hii iandae kwa maji yaliyokenekwa, yakachemshwa na kupozwa chupa ikiwa imefungwa. Ukiwa na mtungi wa naitrojeni, pitisha gesi dakika 10. Bila hivyo oksijeni iliyomo kwenye maji itatengeneza kutu ndani ya chupa yako, nawe utakuwa umeuanika udongo pasipo jua.

Halafu hidroksidi ya sodiamu, mola 0.1, saa 17 (yaani usiku kucha). Inatoka ile ya chuma na alumini. Maji yatakuwa na rangi ya chai ya rangi, ni mboji hiyo. Tia asidi kidogo kidogo, mboji igande na kuzama, ndipo upime. Sehemu ya maji ya chai, kabla ya kutia asidi, uichemshe na pasalfeti: kinachozidi baada ya kuchemsha ni fosforasi iliyofungwa kwenye mboji.

Mwisho asidi ya haidrokloriki, mola 0.5, saa 24, kwa ile iliyofungamana na kalsiamu. Kinachobaki kwenye tope, mmea wa msimu huu hauna habari nacho.

Hatua ya 5: Rangi ya buluu

Tumia njia ya Murphy na Riley ya 1962: molibdeti, asidi askobiki, antimoni kidogo. Subiri dakika 10, soma kwenye spektrofotometa (mashine ya kupima ukali wa rangi) kwa nanomita 880, usivuke nusu saa. Kwa viwango vya kulinganishia, yeyusha gramu 0.2197 za fosfeti ya potasiamu (KH₂PO₄) iliyokaushwa katika lita 1. Hiyo ni miligramu 50 za fosforasi kwa lita, uizimue kwa dawa ileile uliyooshea udongo. Vyombo vioshwe kwa asidi ya asilimia 10. Baadhi ya sabuni zina fosfeti, na buluu utakayoiona itakuwa ya sabuni.

Hatua ya 6: Hesabu

Tuseme maji ni asilimia 60 ya uzito wa udongo mbichi, na umepima gramu 2.5. Udongo mkavu ni gramu 1, maji ni mililita 1.5, jumla ya kimiminika 51.5. Ukilinganisha na viwango ukapata miligramu 0.4 kwa lita: 0.4 × 51.5 ÷ 1 = miligramu 20.6 kwa kilo. Ukisahau unyevu utaandika 0.4 × 50 ÷ 2.5 = 8. Nimeziona ripoti za namna hiyo, zina mihuri.

Kusoma majibu

Jumla kubwa isikutishe wala kukufurahisha. Angalia kundi la kwanza, kisha jiulize kundi la chuma litakaa majini au litakauka.

Yule mama nilimrudia. Nilimwambia kule chini, maji yakisimama, chuma kinaiachia fosforasi yake, asinunue mbolea ya kupandia kwa ajili ya kipande kile. Kwenye matuta ya juu yanayokauka, chuma kilekile kinaikumbatia, na samadi yake aipeleke huko. Akaniuliza, je, masika yakija matuta nayo yakazama? Nikamwomba ruhusa ya kuchota tena mwezi wa nne.