Kabla mtoto hajazidiwa usiku: mambo ya kuandaa mapema huku nyanda za juu

Usiku mmoja wa masika, hapa Tukuyu, mwanangu alishikwa na degedege. Umeme ulikuwa umekatika, simu ina chaji asilimia 4 na haina salio. Namba pekee ya bodaboda niliyokuwa nayo ilikuwa ya kijana aliyeshahamia Mbalizi. Nilizunguka mlango kwa mlango kwenye mvua karibu dakika 40 kabla ya kupata usafiri. Mtoto alipona, namshukuru Mungu, lakini kila nilichohangaikia usiku ule ningeweza kukipanga mchana, mtoto akiwa anacheza uani. Ndiyo maana nawaandikia wazazi wenzangu.

La kwanza, na kwangu ndilo zito kuliko yote, ni nani anaamua. Baba yuko Sao Hill kwenye mbao au kafuata mzigo Makambako, simu yake haipatikani. Mama anaogopa kutoka bila ruhusa, bibi anasema tusubiri kukuche. Saa tatu zinapita hivyo. Kaeni chini leo, baba, mama na bibi, mkubaliane kwamba aliye na mtoto akiona dalili ya hatari anatoka palepale, na taarifa itawafuata wengine njiani. Mkubaliane pia hela itatoka wapi. Kama uko kwenye kikoba, uliza mfuko wa jamii unatoa kiasi gani kwa ugonjwa na nani anashika funguo za sanduku, maana kuna vikundi ambavyo funguo ziko kwa watu watatu. Matibabu ya mtoto chini ya miaka 5 kwenye vituo vya serikali yametangazwa kuwa bure, ila nauli si bure, na dawa ikikosekana utaambiwa ukanunue nje. Weka akiba ndogo isiyoguswa hata kwa ada.

Usafiri: ongea na madereva wawili wanaolala jirani, usitegemee mmoja. Waulize kama wanapokea simu saa 8 usiku, na kama mvua ikinyesha wanaweza kushuka barabara yenu ya utelezi. Jua pia jirani mwenye gari. Andika namba zote kwenye karatasi, ibandike nyuma ya mlango. Kwa mjamzito, mama aliyetoka kujifungua na kichanga cha chini ya siku 28, ipo namba 115 ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura, kupiga ni bure.

Siku ya kliniki uliza zahanati yenu inahudumia usiku au la, na kituo cha afya kipi cha karibu kina oksijeni. Ni swali dogo, lakini mtoto mwenye nimonia kali anahitaji hewa kabla ya kitu kingine.

Na nimonia ndiyo inayotunyemelea zaidi, hasa Juni na Julai. Huku kwetu mtoto anavalishwa masweta matatu na blanketi juu, kifua hakionekani kabisa. Ukimwona hajachangamka, mpeleke penye mwanga, mfunue kifua, uhesabu pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia, halii wala hanyonyi. Kwa mtoto wa chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Kuanzia miezi 2 mpaka afikishe mwaka ni 50, na kuanzia mwaka 1 hadi 5 ni 40. Angalia na sehemu ya chini ya kifua: ikibonyea ndani kila anapovuta hewa, toka usiku huohuo. Vilevile toka ikiwa hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea na haamki vizuri.

Homa ina jambo lake huku milimani. Watoto wetu hawajazoea malaria kama wale wa bondeni, kwa hiyo ikiwapata huwa kali. Kama mlikwenda kusalimia ndugu Kyela au Usangu wiki chache zilizopita, mwambie muuguzi hata kama hajauliza.

Kuhusu degedege, wengi tumekua tukisikia kwamba mtoto wa namna hiyo akichomwa sindano atakufa. Bibi zetu walisema kwa mapenzi, lakini kinachoua ni kuchelewa. Mlaze ubavu, mlegezee nguo, tazama saa. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimnyweshe chochote. Hata ikiacha yenyewe, apelekwe. Ikizidi dakika 5, usingoje iishe, anzeni safari.

Sanduku la nyumbani halihitaji mengi: kipimajoto, paracetamol ya maji ya watoto, pakiti za ORS (ile chumvichumvi ya kuchanganya na maji mtoto akiharisha), zinki ya siku 10 hadi 14 kwa ajili ya kuhara, tochi na kadi ya kliniki. Soma kipimo cha maji kwenye pakiti ya ORS, usikisie kwa kikombe.

Jiko la mkaa halilali na watoto chumbani, hata baridi ya Makete iwe kali vipi. Moshi wake usioonekana unaua watu usingizini. Akiungua kwa uji au chai, mmwagilie maji safi ya kawaida kwa dakika 20 pale palipoungua, huku sehemu nyingine za mwili zikifunikwa zipate joto. Dawa ya meno, mafuta na asali vibaki kabatini. Mafuta ya taa na dawa za kupulizia viazi visiwekwe kamwe kwenye chupa ya soda. Akinywa, usimtapishe, mbebe yeye pamoja na chupa yenyewe.

Njiani mpakate kifuani, ngozi kwa ngozi kama ni mchanga, blanketi likimfunika mgongo na kichwa, uso uachwe wazi. Kwenye bodaboda mvua inaponyesha tunawafunika gubigubi mgongoni, na hakuna anayejua kama bado anapumua. Kama ana fahamu na anaweza kumeza, aendelee kunyonya, maana sukari ya mwili huisha haraka.

Ukifika, usikae kwenye foleni kama mtoto amezimia, anapata degedege au anapumua kwa shida. Pita mbele, sema kwa sauti, "Mtoto wangu hali mbaya." Kisha taja uzito wake kutoka kwenye kadi, hali ilianza saa ngapi, na dawa uliyompa, pakiti yake ikiwa mkononi.